Ukuta Kwanza, Sura Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha za Watu Mtaani kwa Nyeusi na Nyeupe

Picha nyingi ninazoletewa nizitazame zina ugonjwa mmoja. Mpiga picha amekutana na mzee mwenye sura ya kuvutia pale Darajani, akampiga, kisha nyumbani akaondoa rangi. Anachobaki nacho ni kijivu juu ya kijivu: kofia imemezwa na ukuta, shavu limefanana na mlango, na waya wa umeme unamtoka mzee sikioni. Hapo huanza kulaumu kamera. Kamera haina kosa.

Kosa ni mpangilio. Rangi ikiwepo, hukusaidia kumtenga mtu na kilicho nyuma yake bila wewe kujua. Ukiiondoa, kinachobaki ni uzito wa weupe na weusi tu, na huo unapangwa kabla ya kubonyeza. Utaratibu ulioandikwa hapa ndio ninaoufuata mwenyewe katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Ukiwa Lamu, Kariakoo au Mji wa Kale wa Mombasa, badilisha majina ya mitaa tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kamera yoyote inayokuruhusu kupunguza na kuongeza mwanga, au simu yenye uwezo huo. Simu nyingi za leo zinao: gusa sura kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu au chini.
- Lenzi moja. 35mm au 50mm inatosha. Ukiwa na mbili utashinda ukizibadilisha badala ya kutazama.
- Programu ya kuhariri yenye uwezo wa kugeuza kila rangi kuwa kijivu chake. Snapseed na Lightroom za kwenye simu zote zinafaa.
- Kitambaa safi cha kufutia lenzi. Chumvi ya bahari hukaa kwenye kioo na kufanya weusi wote uwe kijivu.
- Saa mbili za muda wako, zisizo na haraka.

Taa na flashi acha nyumbani.

## Hatua ya 1: Ifanye kamera ione kijivu

Kwenye menyu ya mtindo wa picha, chagua nyeusi na nyeupe. Halafu weka kamera ihifadhi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Kioo kitakuonyesha kijivu, lakini faili ya RAW itabaki na rangi zote, na rangi hizo utazihitaji katika hatua ya 9.

Sababu ni kwamba jicho linadanganyika. Kanga nyekundu mbele ya ukuta wa kijani inapiga kelele ukiiona kwa macho. Kwenye kijivu, nyekundu ile na kijani kile huweza kuwa kitu kimoja kabisa. Ni afadhali uligundue hilo ukiwa bado mtaani.

Tahadhari: baadhi ya simu, ukichagua kichujio cha nyeusi na nyeupe, hufuta rangi moja kwa moja. Jaribu na picha moja ukiwa nyumbani. Kama rangi hazirudi, piga kwa rangi, na mtaani jizoeze kukunja macho mpaka karibu yafumbe. Rangi hufifia, maumbo hubaki.

## Hatua ya 2: Chagua ukuta kabla ya mtu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayobeba nyingine zote.

Usitafute sura. Sura nzuri Unguja hazikosekani. Utazipata hata ukisimama pahali pamoja. Tafuta ukuta, usimame hapo, halafu subiri mtu anayefaa ukuta huo, au mwombe aliyeketi jirani asogee hatua mbili.

Mimi hutafuta namna tatu za mandhari ya nyuma.

Ukuta wa chokaa uliochakaa. Si ule uliopakwa juzi. Chokaa iliyozeeka, yenye madoa ya mvua, hutoa kijivu cha kati kinachoelekea weupe. Ngozi nyeusi hujitenga nayo vizuri na buibui hukatika kama kwa mkasi.

Mlango wa mti mweusi. Kanzu nyeupe mbele ya mlango mkongwe haihitaji maelezo. Shida yake ni nakshi: maua na misumari ya shaba hushindana na sura. Msogeze mtu mita mbili mbele ya mlango na ufungue tundu la lenzi hadi f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na nyuma hufifia) ili nakshi zilainike. Kwa simu, sogea karibu naye zaidi na mlango uache mbali.

Mdomo wa duka. Ukikumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, likumbuke hili. Mtu asimame nusu hatua ndani ya mlango wa duka lisilowashwa taa, akitazama nje. Mwanga wa mtaani unampiga usoni, ndani nyuma yake ni giza. Unapata studio bila kulipa kodi. Washona nguo, wauza viungo na vinyozi huishi ndani ya mwanga huo kutwa nzima na hawajui.

Sasa fuata kanuni: kichwa kizima kikae juu ya kipande kimoja cha kijivu. Mstari wa fremu ya dirisha, ukingo wa ukuta, waya au bomba visipite nyuma ya kichwa wala shingo. Kama vinapita, sogea wewe. Mara nyingi upana wa kiganja unatosha.

Nilijifunza hili kwa aibu. Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa na kucheza dhumna, nilimpiga mzee muuza kahawa fremu kumi na moja. Sura yake, mikono yake, dele lake la shaba, vyote vilikuwepo. Lakini kofia yake nyeupe niliiweka juu ya ukuta mweupe. Katika picha zote kumi na moja fuvu lake linaishia kwenye nyusi. Mlango mweusi ulikuwa hatua tatu kushoto kwake.

Wapo waliovunja kanuni hii wakafaulu. Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, aliwahi kutumia shuka ya kitandani mwake yenye mapambo kuwa pazia la nyuma, na mbele yake akawaketisha wanawake waliovaa vitambaa vyenye maua vilevile. Picha hazivurugiki kwa sababu sura na mikono ndiyo sehemu pekee zisizo na maua, basi jicho linakwenda kupumzika hapo. Ukitaka kujaribu, jaribu baada ya kuizoea njia ya kawaida.

Umefaulu ikiwa: ukikunja macho, bado unaona umbo la kichwa na mabega bila kubahatisha.

## Hatua ya 3: Soma mwanga wa kichochoro

Katika vichochoro vyembamba jua la moja kwa moja halifiki chini ila kwa muda mfupi. Linagonga ukuta wa juu upande mmoja, na ule ukuta unalirudisha chini likiwa limelainika. Huo mwanga wa kurudishwa ndio unaoutaka.

Kati ya saa 3:00 na saa 4:30 asubuhi, na tena kati ya saa 9:30 na saa 11:00 jioni, tafuta ukuta mweupe unaopigwa na jua, kisha umwelekeze mtu aukabili, yeye mwenyewe akiwa kivulini. Saa sita mchana jua linasimama utosini, linachimba mashimo meusi machoni, na kofia yenye ukingo inameza nusu ya uso. Saa hiyo nenda kwenye mdomo wa duka au ukapate chai.

Kipimo changu hakina gharama. Nanyoosha kiganja pale kichwa cha mtu kitakapokuwa na kukizungusha polepole. Kivuli cha vidole kikikatika ghafla kama wembe, mwanga ni mkali mno. Kikififia taratibu upande mmoja, hapo ndipo.

Usiridhike na mwanga unaotoka kila upande kwa usawa. Uso usio na upande wa giza huwa bapa kama sahani. Kwa ngozi nyeusi hili ni kubwa zaidi: kinachochora umbo lake ni mng'ao kwenye kipaji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Ukuta mpana mweupe pembeni hutoa mng'ao mpana na laini. Jua kali hutoa vidoa vidogo vinavyofanana na jasho.

## Hatua ya 4: Omba

Salamu kwanza, kamera ikiwa imening'inia. "Shikamoo babu. Mwanga hapa mlangoni kwako umenivutia, naomba nikupige picha moja." Kumtajia mtu mwanga wa mlangoni kwake, badala ya uzee wake, kunamfanya ajue umekuja kufanya kazi.

Akikataa, asante, endelea. Mwanamke ukimwomba, mwombe mbele ya watu. Mtoto, mwombe mzazi. Msikitini, bandarini, vituo vya polisi na majengo ya jeshi, kamera iingie begini.

## Hatua ya 5: Umbali na kimo

Kwa picha ya kifuani kwenda juu, simama mita moja na nusu hadi mbili ukiwa na 50mm. Kwa 35mm, chukua kiuno au mwili mzima. Lenzi kuu ya simu ni pana: ukisogea nayo sentimita hamsini kutoka usoni, pua hukua na masikio hukimbilia nyuma. Tumia ukuzaji wa mara 2 kisha rudi nyuma.

Mtu aliyeketi barazani umpige ukiwa umechuchumaa, lenzi ikiwa sawa na macho yake au kidevu. Ukimpiga umesimama, mandhari yako ya nyuma inakuwa sakafu, na ule ukuta uliouchagua kwa jasho unatoka nje ya fremu.

## Hatua ya 6: Pima uzito

Hapa ndipo penye kazi ya ufundi, tukae kidogo.

Fikiria ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Mtoto mzito akikaa karibu na katikati, mtoto mwepesi akikaa mwishoni kabisa humwinua. Fremu inafanya kazi hivyohivyo. Kitu kidogo kilicho pembeni kabisa kina nguvu ya kusawazisha kitu kikubwa kilicho karibu na katikati. Kwa hiyo mizani haimaanishi pande mbili zifanane. Mtu akiwa katikati na pande zote sawa, picha imesawazika, ndiyo, lakini mara nyingi inafanana na picha ya kitambulisho.

Vitu vinavyopima uzito mkubwa kwenye nyeusi na nyeupe ni hivi, kwa uzoefu wangu:

Macho ya mtu yanashinda kila kitu, hata yakiwa madogo. Baada ya hapo ni mahali ambapo weupe mkali unagusana na weusi mzito, popote palipo. Ndiyo maana ndoo nyeupe pembeni ya mlango mweusi inaiba picha nzima. Halafu maandishi: jicho linaloweza kusoma litasoma, hata kama ni namba ya simu ya fundi bomba iliyoandikwa ukutani. Mikono nayo ina uzito, hasa ikiwa imeshika kitu.

Mtazamo pia unasukuma. Mtu akitazama kulia, upande wa kulia unaongezeka uzito ingawa hakuna kitu. Uache upande huo uwe na nafasi. Ukimbana pua kwenye ukingo wa fremu, picha inaanguka mbele.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Washa mistari ya gridi. Weka jicho lililo karibu nawe kwenye mstari wa juu, theluthi moja kutoka kushoto au kulia.
2. Tazama upande uliobaki. Je, una kitu chochote? Ukiwa mtupu na mweupe, mtu ataonekana anateleza nje. Ukiwa na giza la kichochoro, giza hilo linatosha kumshikilia.
3. Kama patupu pamezidi, subiri. Mpita njia mdogo mwishoni mwa kichochoro, gurudumu la baiskeli, hata mkono wa jirani wenye kikombe, ndio yule mtoto mwepesi wa mwisho wa ubao. Huwa nasubiri hadi dakika kumi. Mzee akichoka tunazungumza.
4. Zungusha macho kwenye pembe nne za fremu kabla ya kubonyeza. Chochote cheupe kinachogusa ukingo kitoe, kwa kusogea nusu hatua au kuinamisha kamera.

Kosa ninaloliona zaidi katika hatua hii ni kuiabudu theluthi. Mistari ya gridi inakupa pa kuanzia tu. Kama kitu chako cha pili chenye uzito ni mlango mkubwa mweusi ulio kulia, mtu anaweza kwenda kushoto kabisa kupita mstari, na picha ikasimama. Na kama yuko kwenye mdomo wa duka, giza pande zote, mwache katikati. Hana wa kushindana naye.

Umefaulu ikiwa: ukifunika kwa kidole kile kitu cha pili, picha inainama. Kama haibadiliki, kitu hicho hakina kazi, kitoe.

## Hatua ya 7: Weka kiwango cha mwanga

Kamera inaamini kwamba dunia nzima ni kijivu cha kati. Ukijaza fremu na ukuta mweupe, itaufanya kijivu na kumzamisha mtu gizani. Ukijaza mlango mweusi, itaufanya kijivu na kuunguza kanzu, yaani kuifanya weupe mtupu usio na mikunjo. Wewe ndiye wa kuikatalia.

- Ukuta mweupe umetawala: ongeza stopu 1 (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuupunguza nusu).
- Giza la duka au mlango limetawala: punguza stopu 1, na kama giza ni zito sana, moja na nusu.
- Ukipima mwanga shavuni peke yake: kwa ngozi nyeusi punguza stopu 1, kwa ngozi ya maji ya kunde nusu stopu. Ukiacha kipimo kilivyo, kamera itampausha mtu mpaka ndugu zake wamkatae.

Ugumu ni kanzu nyeupe na ngozi nyeusi katika fremu moja. Linda kanzu. Weupe ulioungua haurudi, lakini uso uliokuwa gizani kidogo unaweza kuinuliwa kwenye RAW. Njia bora zaidi ni ya mtaani: mgeuze mtu kidogo ili uso uukabili ukuta unaong'aa na kifua kibaki kivulini. Tofauti inapungua kabla hujagusa kitufe. Kamera nyingine huchora milia kama ya pundamilia mahali panapoungua, iwashe.

Shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko sekunde 1/250 kwa mtu aliyesimama, 1/500 kwa anayetembea. f/4 hadi f/5.6 ndiyo kawaida yangu, isipokuwa mbele ya milango yenye nakshi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iende 1600 bila hofu. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa hazisumbui kwenye nyeusi na nyeupe. Ukungu wa mkono uliotikisika unasumbua.

## Hatua ya 8: Piga

Fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Piga fremu tatu za mwanzo haraka ili mtu atoe lile tabasamu la harusi limwishe. Kisha teremsha kamera, ongea, inua tena. Mara nyingi fremu ya saba au ya nane ndiyo yenye mtu ndani.

Angalia mikono. Ikining'inia haina pa kwenda. Mpe kazi yake: sindano, kikombe, tasbihi, upinde wa mlango.

## Hatua ya 9: Geuza rangi kuwa kijivu, moja baada ya nyingine

Usibonyeze kitufe cha kuondoa rangi ukaondoka. Fungua sehemu ya nyeusi na nyeupe na ucheze na rangi binafsi. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ipo zaidi kwenye rangi ya chungwa. Ukiipandisha chungwa kidogo, uso unajitokeza bila ukuta kuguswa. Ukiishusha buluu, mlango wa buluu na anga vinazama. Ile kanga nyekundu iliyofanana na ukuta wa kijani: shusha kijani, pandisha nyekundu, zimeachana. Snapseed hufanya kazi hii kwa vichujio vya rangi. Chekundu na cha chungwa hung'arisha ngozi, cha kijani na cha buluu huifanya nzito na kutoa mikunjo.

Tahadhari: chungwa ikipanda sana midomo hupotea na ngozi hugeuka plastiki. Mtu mweusi abaki mweusi. Pandisha mng'ao wake, usipandishe ngozi yote.

Mwisho, hakikisha ipo sehemu moja nyeusi kabisa na sehemu moja inayokaribia weupe kamili. Zikikosekana, hiyo ndiyo picha ya kijivu juu ya kijivu tuliyoanza nayo.

## Hatua ya 10: Mitihani miwili

Geuza picha kichwa chini. Sura inapoteza jina lake na unabaki na mabonge ya weusi na weupe. Bonge moja likionekana linaanguka nje ya fremu, kata kidogo upande wa pili, au kubali kwamba imeshindikana.

Kisha ipunguze hadi ukubwa wa kucha. Bado unaona mtu yuko wapi? Kama hapana, tatizo liko hatua ya 2, na hakuna uhariri utakaokuokoa. Kesho rudi kwenye ukuta uleule saa ileile. Ukitaka kulinganisha na kazi iliyofanyika vizuri, ingia Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta hapa Mji Mkongwe, utazame picha za zamani zilizojaa kutani: hesabu ni ngapi zina mstari unaopita nyuma ya kichwa.

Iliyopita mitihani yote ichapishe sentimita 13 kwa 18, umpelekee mwenyewe. Iweke kati ya maboksi mawili magumu. Unyevu wa Unguja hukunja karatasi kabla hujafika mtaa wa Malindi.